R6 ya 2001 hapa Malindi: nirudishe boksi la hewa au nifunge filta nne ndogo?

KijanaWaMaweni
Salaam wakuu. Nimenunua pikipiki ya kasi, Yamaha R6 ya 2001. Inakimbia vizuri, ila juzi nimeinua tangi nikakuta mfuniko wa boksi la hewa, lile linalokaa filta, una ufa wa urefu wa kidole, umezibwa kwa selotepu, na skrubu mbili hazimo. Filta ya karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Sasa nimekwama. Naweza kutengeneza boksi au kutafuta la mtumba na kuweka filta ya karatasi kama ya kiwandani. Naweza kuweka ya pamba ya kuosha, kama K&N. Kuna wanaosifu sponji. Na kuna rafiki yangu anayenisukuma ning'oe boksi lote nifunge filta ndogo nne, moja kwa kila kabureta inayochanganya hewa na petroli, eti pikipiki itapumua na kunguruma. Safari zangu ni Mombasa Jumapili, na mara mbili kwa mwezi Marafa kwa nyanya. Mwaonaje?

Kona_ya_Sabaki
R6 Marafa! Ile njia ya kutoka Mambrui? Pikipiki imekukosea nini?
Kwa faida ya wengine: hizi za 1999 hadi 2002 ni za kabureta, kuanzia 2003 ni injekta, petroli inanyunyizwa bila kabureta. Ushauri wa moja usiubebe mzimamzima kwa nyingine.

FundiMstaafu
Mwanangu, mngurumo utaupata. Nguvu ndiyo utakayoitafuta.
Boksi hilo si debe la kuwekea filta tu. Ukubwa wake umepimwa. Hewa inatulia mle kwanza, kisha kabureta zote nne zinakula sahani moja. Ukiling'oa, kila moja inavuta kivyake, na zimekaa uchi nyuma ya injini inayochemka, zinavuta joto.
Halafu kabureta zenyewe. Ukivuta resi unafungua kipepeo tu, kile kibati kinachoziba njia ya hewa. Ile pistoni inayobeba sindano ya kupima petroli inapandishwa na tofauti ya presha ya hewa. Kwenye mdomo wa kabureta kuna vijitundu vinavyoipitisha hewa hiyo, na filta ndogo za bei rahisi zina ukingo wa mpira kwa ndani unaoviziba. Pikipiki ikifika resi ya katikati inasita kama punda aliyeona daraja. Nilikaa siku mbili na ya kijana mmoja, nikabadilisha jeti, vile vijitundu vya kupitishia petroli, mpaka vidole vikanuka petroli, kumbe ni mpira! Nikaukata kwa wembe. Ikapata nafuu, haikupona.
Na jeti utabadilisha tu, hilo halina mjadala. Hewa imezidi, petroli ni ileile, plagi zinatoka nyeupe kama chaki. Namba ya jeti huijui mpaka ujaribu, na kila jaribio ni kushusha kabureta nne. Rafiki yako atakuja kukushikia tochi?

BintiGede
Shikamoo fundi. Mimi nina Suzuki GSX-R600 ya injekta, boksi lake la asili, filta ya pamba mwaka wa tatu huu. Naipenda kwa sababu sisubiri mzigo wa Nairobi kila ikichafuka. Lakini inataka mtu mwenye subira. Unaipaka dawa yake ya kuoshea, unaisuuza kwa maji ya taratibu kutoka upande safi kwenda upande mchafu, unaiacha ikauke kivulini yenyewe. Si juani, si kwa kompresa. Ndipo unaipaka mafuta yake, kiasi.
Siku moja nilipaka haraka haraka jioni, pakabaki sehemu nyeupe pana kama dole gumba. Kesho yake nikaenda mazishini Kakuyuni. Niliporudi nikafungua boksi, nikapitisha kitambaa cheupe upande safi: mstari mwekundu wa vumbi, upana wa dole gumba.

Kona_ya_Sabaki
Dada, mafuta ya hizo filta si yanaua sensa?

BintiGede
Hiyo ni habari ya magari yenye sensa ya kupima hewa kwenye bomba. Pikipiki nyingi za injekta hazina, zinasoma presha na kipepeo. Yake ya kabureta ndiyo kabisa, haina cha kuchafuliwa. Ila ukizidisha mafuta hewa inapita kwa shida.

YakheWaShela
Yakhe, mimi niko Lamu na pikipiki yangu ni ya vumbi, si ya kasi. Iko Mokowe, ng'ambo bara, huku kwetu kisiwani punda ndiye mwenye njia. Sponji kwa mchanga ni nzuri sana. Ioshe kwa mafuta ya taa kisha sabuni. Petroli inalegeza gundi. Na usipake oili ya injini, kwa joto letu inateremka yote chini na juu panabaki pakavu. Yapo mafuta ya sponji yanayonata. Lakini tafuta iliyotengenezwa kwa umbo la boksi lako. Nimeona mtu kakata godoro! Lilianza kumeguka, na vipande vikaelekea alikojua Mungu.

FundiMstaafu
Godoro, loo.
Kijana, kabla ya kununua chochote geuza huo mfuniko usome ndani. Kukiwa na herufi PP, yaani plastiki ya polipropilini, supagluu haitashika hata ukiomba dua. Toboa kijitundu kila mwisho wa ufa usiendelee, kisha uyeyushe kwa chuma cha moto na plastiki ya aina hiyohiyo. Ndani pawe laini, kisibaki kipande cha kuanguka kwenye kabureta. Filta iwe ya karatasi au ya pamba, mimi sigombani. Ninachogombania ni ukingo wake: uukalie boksi pande zote, na upake grisi nyembamba. Vumbi la Marafa halipiti katikati ya filta, linapita pembeni. Na kama karatasi yako ni ile inayokuja na mafuta kutoka kiwandani, usiipulize. Ikichafuka, badilisha.

KijanaWaMaweni
Nimerudi. Iliandikwa PP kweli. Ufa nimeuchomelea, skrubu nimepata, filta nimeweka mpya ya karatasi kwanza, ya pamba nitaagiza polepole. Rafiki yangu amenuna.
Jana nimekwenda kwa nyanya na kurudi. Leo nimefungua na kitambaa cha BintiGede: cheupe, isipokuwa doa la oili kwenye kona ya chini. Nimefuata, ni ule mpira wa pumzi ya injini unaoingia kwenye boksi. Umelegea, klipu haipo.

FundiMstaafu
Klipu ninazo kopo zima. Pita baada ya alasiri, uje na huo mpira.