Tupeane uzoefu: mliocheza basketi chuoni wakati wa vita, msimu wenu uliishaje?

Mzee wa Rebaundi

Wakuu, hii mada imetokana na ubishi wa kijiweni. Jamaa kasema timu ya chuo ikipoteza wachezaji watatu katikati ya msimu basi msimu umekufa, nikamwambia wewe hujasikia habari za Utah 1944. Kwa msiojua, Marekani iko vitani, vijana wa vyuo wanaitwa jeshini kila siku, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Utah umechukuliwa na jeshi, kocha Vadal Peterson kabaki na watoto watupu wengi mwaka wa kwanza. Wakaenda New York kwenye NIT, mashindano ya mwaliko ya vyuo, mechi ya kwanza tu Kentucky kawatoa. Wanajua msimu umeisha hivyo, mara Arkansas wanapata ajali ya barabarani, wachezaji wawili wanaumia vibaya, timu inajitoa mashindano ya NCAA, yale ya ubingwa wa vyuo, Utah wanaitwa kuziba pengo! Wakaenda hadi fainali, wakamfunga Dartmouth 42-40 dakika za nyongeza, Arnie Ferrin pointi 22, Herb Wilkinson ndio katupia ile ya ushindi mpira unaelekea kuisha.

Kikosini yumo Wat Misaka, wazazi Wajapani, kazaliwa hukohuko Utah, anashangiliwa uwanjani wakati Wajapani wenzie maelfu wamefungiwa makambini. Anarudi na kombe, mama yake anampokea na barua ya kuitwa jeshini.

Ila nimtendee haki na yule jamaa. Mwaka mmoja nyuma Illinois walikuwa na timu kali kuliko hiyo, wale walioitwa Whiz Kids, wameshinda 17 wamefungwa 1, Machi 1943 watatu wa kikosi cha kwanza wakaitwa jeshini na chuo kikakataa kwenda mashindano. Wakaishia hapo.

Sasa hizo ni za Wamarekani. Humu kuna watu wamesoma Goma, Khartoum, Ukraine, Bujumbura. Leteni za kwenu, zile mlizokuwepo wenyewe.

Himbi Boy

Miye niko Goma, jina la chuo naliacha. Msimu wetu ulianza vizuri tu 2024, ila ulipofika mwezi wa kumi na mbili mabomu ya upande wa Sake tunayasikia mazoezini, mtu anadribo huku anahesabu imeanguka wapi, na kocha anasema kama umeisikia ujue haikukupata, endelea.

Uwanja wenyewe ulikuwa na wakimbizi. Familia za kutoka Masisi zililala madarasani, nguo wanaanika kwa kamba iliyofungwa nguzo ya ringi mpaka ukuta. Hatukuwa na moyo wa kuwafukuza, utamfukuza mama mwenye watoto watano ili upige layap? Kapiteni akaenda kuongea nao kwa heshima, tukakubaliana saa tisa mpaka saa kumi na moja nusu ya uwanja ni yetu, nusu ingine majiko ya makala yanaendelea. Kuna mama mmoja alikuwa anatutolea kamba kwa wakati kabisa, na mpira ukienda upande wa sufuria anaukamata anaurudisha kwa mikono miwili, pasi ya kifua safi, mpaka kocha anamwita numero sita. Watoto wao nao wote wanataka jezi 00 ju ya Kuminga wa NBA, alivyokuwa Golden State, si munajua kazaliwa Goma.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 mji ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Ile wiki sitaisimulia yote. Umeme hakuna, maji hakuna, intaneti hakuna, batu wanashuka ziwani na bidoni kuchota maji ya Kivu. Tulipoanza kutafutana ndio nikajua timu ni nini, pivoti wetu kavuka Gisenyi, Rwanda, pointi gadi yuko Kampala kwa shangazi, wawili kimya kabisa simu haiingii. Mmoja wao tulimpata baadaye. Mwingine mpaka leo namba yake iko kwenye grupu na hakuna anayetaka kuitoa.

Kilichotumaliza hata hivyo ilikuwa pesa. Mabanki yalifungwa, ada ya ligi italipwaje, mpira ukitoboka utanunua na nini, na viwanja vyetu vimejengwa juu ya mawe ya volkano, mpira mpya unakuwa kipara haraka sana. Tukacheza hivyohivyo, wavulana waliobaki na wasichana waliobaki timu moja, watatu kwa watatu, kumaliza kabla giza haijaingia. Fainali haikuchezwa.

Mshua Magomeni

Pole sana ndugu yangu. Swali la kizushi, refa mlikuwa mnamlipa nini?

Himbi Boy

Unga. Na kama amekunyonga faulo unampa ule wa mwisho wa gunia 😂

Binti wa Tanga

Mimi Khartoum 2023, nilikuwa nasoma udaktari. Sisi wasichana tulikuwa na ligi yetu ya ndani, uwanja una ukuta mrefu, Ramadhani tunafanya mazoezi baada ya tarawehe mpaka karibu na daku, raha tupu. Fainali ilipangwa baada ya Idi, tuliingia sisi na timu ya Wasudani wa famasi ambao kusema kweli walikuwa wanatuzidi. Jumamosi tarehe 15 Aprili asubuhi tumelala na saumu zetu tunasikia milio, tukadhani ni mambo ya saa moja yataisha, wapi. Siku zile tulikaa kwenye korido ya hosteli mbali na madirisha, tumelalia magodoro, na kocha wetu ambaye alikuwa dada wa mwaka wa tano akawa anatuita majina kila asubuhi na jioni kwa zile namba za jezi, saba yupo, kumi na moja yupo, maana majina yalikuwa yanafanana mno. Baadaye mabasi mpaka mpakani Metema, Ethiopia, ndio nyumbani. Nimemalizia masomo nchi nyingine. Wale wa famasi wawili tunawasiliana, wako Cairo. Kombe sijui nani kachukua, labda limeibwa na friji letu.

Kaka Poltava

Mimi Sumy, Ukraine, 2022. Sikuwa mchezaji mzuri nilikuwa wa benchi ila nina stori. Vita imeanza 24 Februari, maji yakakatika tukawa tunayeyusha theluji. Kapiteni wetu Mukraine alikuja hosteli kutuaga, kavaa traksuti ileile ya timu, anaenda kujiandikisha. Kanikabidhi funguo za stoo ya mipira. Tarehe 8 Machi tukatolewa kwa mabasi kwenda Poltava, funguo nimeondoka nazo. Ziko Kigamboni sasa hivi.

Ntahangwa

Bujumbura 1995, wakati wa vita ya Wahutu na Watutsi. Sitaandika mengi. Timu yetu haikukosa uwanja wala mpira. Mwanzo wa muhula tulikuwa tunapeana pasi wote, kufika mwezi wa tano ukitazama vizuri unaona fulani hampasii fulani hata akiwa peke yake chini ya ringi, na kocha anaona na ananyamaza. Juni wanafunzi waliuawa mabwenini. Nilicheza tena nikiwa Kigoma, na watu nisiowajua, na ilikuwa rahisi zaidi.

Mzee wa Rebaundi

Mzee wangu Ntahangwa, pole na asante. Hapo sina neno.

Mwana Kadutu

Nimechelewa, natoka Bukavu. Huyu Himbi Boy asiwadanganye kuhusu msimu wake kuanza vizuri. Tulipanda boti kwenda Goma kucheza nao, robo ya nne umeme ukakatika tukiongoza 41-38. Tukasema itamaliziwa huku kwetu, mwezi wa pili na sisi mji ukachukuliwa. Ile mechi ni yetu.

Himbi Boy

Ilikuwa 39-38 na mpira ulikuwa mkononi mwetu. Njoo tumalizie, boti zinatembea.

Mwana Kadutu

Nani atalipa tiketi?