Seva ya TV ya nyumbani: nibaki na Pi 3, nichukue Pi 4, au kompyuta kuukuu ya ofisi?

Bamburi_Juu (Mombasa)
Wadau, salamu. Nina Raspberry Pi 3, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, inayosambaza chaneli za bure za antena nyumba nzima kwa programu ya tvheadend. Watoto sebuleni, mama chumbani, mimi kwa simu. Picha inavunjika vipande vipande, sauti inakwaruza, halafu inatulia yenyewe. Saa moja usiku ndiyo balaa, na ndiyo saa ya mama na taarifa yake. Juzi kaniuliza kama yule mtangazaji ameanza kigugumizi.

Nimepata mawili: Pi 4 ya jamaa anayehama, na HP t620, kompyuta ndogo kuukuu iliyotolewa ofisini, kwa elfu sita. Mwenye t620 anataka jibu kufikia Ijumaa. Nichukue ipi? Ama hii hii bado inatengenezeka?

fundi_kombo
Unataka dawa na ugonjwa hujautaja. Tyuna gani, yaani kile kidude cha kudaka chaneli? Adapta ya ampea ngapi? Waya au waifai? Antena iko wapi, ina busta?

Bamburi_Juu
Tyuna ni zile nyeusi za USB, ziko mbili. Adapta ni ya simu, inachaji vizuri tu. Antena iko juu ya paa.

fundi_kombo
"Zile nyeusi." Haya.

Nahodha_Tanga
Chukua t620 ulale. Haina feni, inakubali diski ya kweli, Linux ya Debian inaingia bila kubembelezwa. Hizi Pi ni vitu vya kuchezea.

pi4_daima
Nahodha huchoki. Tatizo la Pi 3 ni kwamba USB zote zimeunganishwa na prosesa kwa njia moja ya USB 2.0, na soketi ya waya wa mtandao imepitishwa humo humo. Ni feri ya Likoni, wanaoshuka na wanaopanda kwenye lango moja. Pi 4 ya 2019 ilitenganisha hayo. Chukua Pi 4.

DadaWaTerminali (Nairobi)
Usinunue kitu bado. Fungua ukurasa wa tvheadend, mlango (port) 9981 kwenye kivinjari, uangalie hali ya strimu. Kuna hesabu mbili ambazo watu huzichanganya. Pakiti ya TV ni baiti 188, na kila moja ina namba inayozunguka kutoka 0 hadi 15. Namba ikiruka, kuna pakiti imepotea. Hiyo ndiyo hesabu ya mfululizo. Hesabu nyingine ni ya pakiti zilizofika, ila tyuna yenyewe imekiri kwamba imeshindwa kuzitengeneza. Hiyo ikipanda, chukua ngazi uende kwa paa. Ya mfululizo ikipanda peke yake, antena muiache, pakiti zinadondoka kati ya USB na kompyuta.

Kisha andika vcgencmd get_throttled, amri ya kuiuliza Pi kama umeme unaitosha, utuletee jibu.

Bamburi_Juu
Mfululizo 1,140 tangu asubuhi. Ile nyingine 0. Na hiyo amri imejibu 0x50005.

fundi_kombo
Nilijua. Hiyo 5 ya mwisho maana yake volti zilikuwa zimeshuka pale pale ulipobonyeza, na prosesa imebanwa mwendo. Ya mbele inasema imeshawahi kutokea. Pi 3 inataka ampea 2.5 na kebo nene. Adapta yako hata kama imeandikwa 2, kebo nyembamba kama uzi wa kushonea inakula volti njiani, halafu umeibebesha na tyuna mbili. Tafuta adapta ya kweli, na tyuna uzihamishie kwenye haba (hub) ya USB, kile kigawanyo cha soketi, yenye umeme wake.

Mzee_wa_Paa (Malindi)
Wanangu, mimi nilisumbuka miezi minne. Nilibadilisha kerneli, nikasakinisha upya mara tatu, nikanunua tyuna nyingine. Nikaambiwa nitie busta. Nikatia. Nguvu ya mawimbi ikapanda lakini usafi wake ukashuka, maana busta inakuza na kelele, na ukiwa karibu na mnara inaishindilia tyuna mpaka inazidiwa. Nikatoa adapta, nikarudisha adapta. Kila mvua ikinyesha chaneli zinakufa, jua likiwaka zinafufuka, nami bado niko kwenye kompyuta nasoma logi.

Siku moja nikapanda kukagua bati linalovuja. Nikaishika kebo ya antena pale kwenye kiunganishi, ikabaki mkononi. Ndani shaba yote kijani, kama sufuria iliyosahauliwa nje. Hewa ya bahari hii. Nikakata kama nusu mita ya kebo, nikatia kiunganishi kipya, nikazungushia utepe wa mpira, busta nikaitupa. Kwisha. Mke wangu alikuwa ameshika ngazi, hakusema neno, na bora angesema.

DadaWaTerminali
Pole mzee. Ila huyu hesabu yake ya paa ni sifuri.

Mzee_wa_Paa
Sifuri ya leo, binti. Ngoja masika.

kisiwani_99 (Unguja)
Naomba kuuliza kidogo. Tyuna yangu ni ya chipu ya RTL2832U, inatafuta chaneli saa nzima, haipati hata moja. Ni draiva?

DadaWaTerminali
Hiyo inasoma DVB-T tu, mfumo wa zamani wa TV ya dijitali ya antena, na huku matangazo ni DVB-T2, mfumo mpya. Hakuna draiva itakayokusaidia.

kisiwani_99
Basi si mnunue kila TV king'amuzi chake, mambo yaishe?

Nahodha_Tanga
Na nani atarekodi mpira? Lakini tuseme kweli, t620...

pi4_daima
t620 ikila wati 10 usiku na mchana, saa 720 za mwezi ni uniti 7.2. Pi ya wati 4 haifiki 3. Tokeni atalipa nani?

Nahodha_Tanga
Uniti nne, ndugu. Friji lako linazimaliza kabla mwezi haujafika katikati.

Bamburi_Juu
Nimerudi. Nimepata adapta ya 2.5 na haba yenye umeme wake. Amri sasa inajibu 0x0. Gavana ya prosesa, ile inayopanga kasi yake, nimeiweka performance isiwe inapanda na kushuka, na ile bafa ya kurudisha nyuma, akiba ya muda ya picha, nimeitoa kwenye kadi ya SD nikaipeleka RAM. Jana kutwa makosa 9. Tisa! Lakini saa moja usiku kwa mama bado inakatika.

DadaWaTerminali
Na saa hiyo hesabu ilipanda?

Bamburi_Juu
Haikupanda hata moja.

fundi_kombo
Nilikuuliza siku ya kwanza. Waya au waifai?

Bamburi_Juu
Waifai. Na Pi yenyewe pia.

fundi_kombo
😂😂😂

DadaWaTerminali
tvheadend huhesabu kinachoingia kutoka kwa antena. Kinachopotea hewani kuelekea TV ya mama hakiko kwenye hesabu hiyo. Pi 3 ya kwanza ina waifai ya 2.4 GHz peke yake, na saa moja usiku mtaa mzima umerudi nyumbani uko kwenye 2.4 hiyo hiyo. Vuta waya kutoka Pi hadi ruta, hata kama ni huo tu.

pi4_daima
Na ukishavuta waya, feri ya Likoni. Nilisema.

DadaWaTerminali
Chaneli tatu ni kama Mbps 10. Soketi ni ya 100. Feri ina nafasi.

Bamburi_Juu
Ruta iko sebuleni, Pi iko kwa dari. Itabidi nitoboe ukuta na mwenye nyumba hajui lolote. Na huyu wa t620 ameshanipigia mara mbili leo.

Mzee_wa_Paa
Ukipanda huko juu, kagua na kile kiunganishi.

Nahodha_Tanga
Bamburi, kama huichukui t620, nitumie namba yake inboksi.

fundi_kombo
Ulizia kwanza kama inakuja na adapta yake.