Taa za nje ziwekewe sheria ili nyota zionekane: mnasemaje?

Kilimia (mleta mada)
Wakuu, salaam. Mtaani kwetu kimefunguliwa kituo cha mafuta chenye bango la LED refu kuliko nyumba yangu. Linawaka mpaka asubuhi. Saa tisa usiku linamtangazia nani soda, sijui. Zamani nikitoka nje naona kilimia, lile kundi dogo la nyota, juu ya mnazi wa jirani. Siku hizi anga lote lina rangi ya uji.

Wenzetu wameshaliwekea sheria jambo hili. Flagstaff kule Arizona walianza 1958, kwa ajili ya watu wa darubini (pana kituo cha Lowell, ndiko Pluto ilikogunduliwa 1930). Slovenia tangu 2007 taa ya nje hairuhusiwi kurusha mwanga juu. Ufaransa maduka yanazima taa za madirisha saa saba usiku. Afrika Kusini wana sheria ya 2007 inayolinda anga la Northern Cape, ilipo darubini ya SALT, pale Sutherland.

Na sisi tufanye hivyo: taa za barabarani zifunikwe kwa juu ziangaze chini, mabango yazimwe saa sita. Sijasema tuishi gizani. Karibuni kwa hoja.

Dar Kwetu
"Sijasema tuishi gizani." Mkuu, giza tumekaa nalo miaka yote ya mgao, tunalifahamu kwa jina. Leo umeme upo unataka giza lirudi kwa sheria ya Bunge? Bwawa la Nyerere MW 2,115 tumelijenga tuwashe taa, si tulitazame. Mwenye hamu ya nyota ahamie mikoani, huko zipo za bure.

Mtu wa Singida
Mikoani? Kwa hiyo mikoani ndiko kwenye giza, eti? REA imefika kijijini kwetu, mama yangu ana friji na anauza barafu. Nyie watu wa Dar mnadhani nchi inaishia Kibaha. Hapo ulipo, ukizimiwa simu, kaskazini utaijua?

Dar Kwetu
Kaskazini nina kazi nayo gani? Daladala haiulizi kaskazini.

Mtu wa Singida
Ndiyo maana mnakwama Ubungo.

NesiWaZamu
Naona wanaume mnazungumza nyota. Mimi nikitoka zamu ya jioni nashuka kituoni saa nne usiku, na kipande chote cha kufika nyumbani taa zilikufa zamani. Kila mwanamke anayepita pale ameshika tochi ya simu mkono mmoja na funguo mkono wa pili, na hatupigi simu wala hatusalimiani. Mleta mada umeandika Arizona, umeandika Slovenia, mwanamke anayetembea usiku hukumwandika. Leo mtasema "zifunikwe", kesho "zipunguzwe", keshokutwa tunaambiwa bajeti imeisha.

Kilimia
Dada yangu, umenielewa vibaya. Mwanga unaokwenda juu haukusaidii chochote. Taa ikifunikwa vizuri mwanga uleule unashuka njiani, na haikuchomi macho. Taa inayokuchoma macho ndiyo inayomficha aliyesimama nyuma ya nguzo.

NesiWaZamu
Kwanza mimi si dada yako. Pili, usinifundishe nani anasimama nyuma ya nguzo.

Wa Eastlands
Huku kwetu Nairobi tuliwekewa mulika mwizi, zile taa za mlingoti mrefu kule Mathare na Kibera. Ulizeni akina mama wa mboga kama wanataka zizimwe ndio mtu fulani aone Zohali. Mtawajua. Shida yetu ni stima ikipotea, mlingoti unabaki wa kufungia mabango ya siasa.

Takwimu Kidogo
Kwenye hili la usalama, utafiti unavuta pande zote mbili. New York mwaka 2016 walipeleka minara ya taa kwenye baadhi ya majengo ya nyumba za umma, wakalinganisha na majengo ambayo hayakupelekewa. Uhalifu mkubwa wa nje usiku ulishuka kwa takriban 36%. Halafu kuna ule wa 2015 uliochunguza halmashauri 62 za Uingereza na Wales zilizozima au kufifisha taa kubana matumizi. Hawakukuta ushahidi kwamba ajali au uhalifu uliongezeka. Inategemea umezima wapi, na palikuwaje kabla.

Dar Kwetu
Halmashauri za Uingereza. Haya, mwizi wa Kiingereza analala mapema.

FundiBalbu
Nafunga taa, hiyo ndiyo kazi yangu, naomba nisikilizwe. Taa nyingi zinazoingia sasa ni LED nyeupe kali, ile inayoelekea ubuluu. Mwanga wa buluu hutawanyika hewani zaidi kuliko wa njano, ndiyo sababu mji ukibadilisha taa kutoka zile za njano za sodiamu anga linazidi kuwa jeupe, hata kama bili imeshuka. Dawa si kuzima. Chukua balbu ya kelvini 3000 kushuka chini (ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikishuka mwanga unaelekea njano), kichwa cha taa kilale sawa, kisibinuke. Mnavyobinua vile vichwa ili "imulike mbali" mnalipia kumulika tumbo la ndege.

Bin Shangani
Assalaam aleikum. Sie Unguja tunaiunga mkono sheria hiyo, ije leo. Mataa yamezidi mjini hata mwezi wa Ramadhani hauonekani, ndio kila mwaka watu wanafunga siku mbilimbili. Anga likiwa safi ugomvi huu hauna pa kukaa.

Abuu Tanga
Waaleikum salaam. Sheikh, ugomvi wa mwezi si wa taa. Ugomvi ni kwamba wako wanaosubiri uonekane ndani ya mipaka ya nchi, na wako wanaosema ukionekana popote umeonekana. Mwezi haujui mpaka wa Horohoro.

Bin Shangani
Na jua nalo halijui mpaka, mbona husali adhuhuri kwa saa ya Makka?

Abuu Tanga
Unachanganya mambo ya sala na mambo ya mwandamo. Rudi darasani.

Bin Shangani
Darasani nilikaa kabla hujazaliwa, kijana.

FundiBalbu
Masheikh wangu, kwa heshima. Hilali inatafutwa mara tu jua likizama, magharibi bado kuna mwangaza wa jua lenyewe. Taa za mji saa hiyo hazina uzito. Kinachozuia ni mawingu, ukungu wa baharini, na mwezi kuwa bado chini au karibu mno na jua. Taa zinaua nyota hafifu za usiku wa manane, hilali haziigusi.

Bin Shangani
Wewe fundi wa balbu umekuwa lini mtu wa falaki?

Wa Muscat
Nimekaa Oman muda mrefu. Ramadhani ya 2024 Saudia walianza tarehe 11 Machi, Oman wakaanza 12 Machi. Majirani wa jangwa moja, na pale jangwani hakuna taa za Darajani. Fundi kasema sawa.

Abuu Tanga
Oman wana msimamo wao, hatuwezi kuwafanya hoja hapa.

Mtu wa Singida
Nimekwenda kula nimerudi, uzi wa taa umekuwa wa mfungo. Aisee.

Dar Kwetu
Turudi kwenye mada. Afrika Mashariki darubini kubwa tunayo wapi? Chile na Afrika Kusini wana darubini za mabilioni, wana cha kulinda. Sisi anga tunamlindia nani?

Wa Eastlands
Pole pole jirani. Setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa makusudi kwa astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka Kenya, jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Nyinyi mlikuwa mnarusha nini mwaka huo?

Dar Kwetu
Roketi ya Mmarekani, wafyatuaji Waitaliano, bahari ndiyo yenu. Hongereni kwa bahari.

Wa Eastlands
Wivu.

Takwimu Kidogo
Tena setilaiti ya eksirei ikishakuwa juu, taa za Malindi haina habari nazo. Mfano mzuri wa pwani ni kasa. Watamu na kwingineko vitoto vikianguliwa usiku vinafuata upande wenye mwanga zaidi, ambao zamani ulikuwa bahari. Siku hizi ni baa ya hoteli. Vinakwenda barabarani. Huyo hahitaji darubini, anahitaji taa ya ufukweni ifunikwe.

Dar Kwetu
Kutoka nyota hadi mwezi hadi kasa. Bado popo.

Mvuvi wa Ukerewe
Naomba kuuliza. Hii sheria itagusa taa za dagaa? Sisi tunavua giza. Mbalamwezi tunakaa nchi kavu tunashona nyavu, kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa hawaji kwenye taa. Kwa hiyo giza kwetu ni mtaji, lakini taa nayo ni mtaji. Baba alitumia karabai, mimi LED na betri. Ila niwaambie kitu kimoja watu wa mjini: mimi taa naielekeza majini kwa sababu dagaa wako majini. Huyo aliyeelekeza taa yake mbinguni anavua nini?

FundiBalbu
Huyu apewe wizara.

Mlaji Sangara
Wizara gani, wakati ni nyie wa Ukerewe mnaomaliza samaki wachanga kwa nyavu za matundu madogo, halafu mnakuja humu kujifanya wahifadhi.

Mvuvi wa Ukerewe
Dagaa ni mdogo kwa kuzaliwa. Ulitaka nimvue kwa wavu wa sangara?

Mlaji Sangara
Na vitoto vya sangara vinavyoingia humo?

Mvuvi wa Ukerewe
Njoo ziwani tuchambue pamoja, uje na koti, usiku kuna baridi.

Kilimia
Wakuu, naomba tusitoke nje. Kuna aliyeuliza anga tunamlindia nani. Atlasi ya dunia ya mwanga wa usiku iliyotoka 2016 inasema theluthi moja ya binadamu hawawezi tena kuona ule mkanda mweupe wa nyota kutoka wanapoishi. Ulaya ni watu 60 katika kila 100. Sisi wengi bado tunauona. Wahenga walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walilima kwa kuangalia juu. Mtoto wa Sinza umwonyeshe nini umfundishe methali hiyo? Na hata Chile, wenye darubini zote hizo, hawako salama: mwaka 2025 watu wa ESO, shirika la Ulaya la astronomia, walipiga kelele juu ya mradi wa viwanda uliotaka kukaa jirani na Paranal, mlima zilipo darubini zao, wakakadiria mwanga juu ya darubini yao ya VLT ungeongezeka si chini ya 35%. Kama wao wanahangaika, sisi tusiojipanga?

Dar Kwetu
Mtoto wa Sinza mvua anaijua kwa mafuriko.

Mtu wa Singida
Hapo umenena, kwa mara ya kwanza.

Wa Eastlands
Na hata mkizima yote, setilaiti za intaneti za Starlink zinapita huko juu kwa maelfu. Huku Kenya tumeunganishwa tangu 2023, mimi mwenyewe naandika kwayo. Siwezi kulia nyota na huku nalipia.

Takwimu Kidogo
Angalau wewe umesema wazi.

Mlaji Sangara
Sheria, sheria. Nani atasimamia? Kanuni za kelele zipo, kuna viwango vya mchana na vya usiku, na baa nyuma ya nyumba yangu inapiga muziki mpaka vyombo vinacheza kabatini. Mkaguzi atakayekuja kupima mwanga wa bango la soda mtamtoa wapi?

Abuu Tanga
Hilo la baa lizungumzwe kwa uzito wake.

Dar Kwetu
Baa zinalipa kodi, ziacheni. Anayetaka kimya pia ahamie mikoani.

Mtu wa Singida
Rudia tena.

FundiBalbu
Usimamizi si mgumu mkianzia kwenye ununuzi. Zabuni ya taa za barabara iandikwe: kichwa kisirushe mwanga juu, kelvini zisizidi 3000, zififie usiku mkubwa barabara ikiwa tupu. Humkamati mtu, unakataa kununua taa mbaya. Za zamani zife zenyewe, ukibadilisha unabadilisha kwa nzuri. Mabango ni leseni, unaandika saa ya kuzima kwenye leseni. Kazi ngumu ni taa za majumbani, zile za ukutani zinazomulika chumba cha jirani, na hizo sheria haitaziweza.

Kilimia
Nakazia hapo kwenye zabuni.

Bin Shangani
Hamjanijibu la mwezi.

NesiWaZamu
Nimesoma uzi wote. Kuna mwezi, kuna kasa, kuna sangara. Nina swali moja la kawaida: taa ya barabarani ikifa, mwenye kuitengeneza ni nani? TANROADS, TARURA, halmashauri au TANESCO?

Takwimu Kidogo
Inategemea barabara. Kuu na za mkoa ni za TANROADS, za wilaya na mitaa ni TARURA.

NesiWaZamu
Yangu inaanza kwenye lami ya mkoa, inakata kushoto, inaingia mtaani.

FundiBalbu
Nguzo zilizokufa ziko kabla ya kukata au baada?

NesiWaZamu
Pale pale kwenye kona, na nyingine mbili mbele yake.

FundiBalbu
Kuna nguzo zilizoandikwa namba, chini kidogo ya usawa wa kichwa. Angalia kama zako zimo, piga picha, andika barua moja upeleke nakala kwa wote wawili, na nyingine kwa mtendaji wa mtaa akugongee mhuri. Bila mhuri watasema hawajapokea. Ila picha hizo piga mchana, usiku hapo namba haisomeki.