Kuweka sauti ya kayamba na vigelegele kwenye MuseScore, naombeni maelekezo

MtunziMoro

Tumsifu Yesu Kristo wakuu, na wengine wote habari zenu.

Natumia MuseScore 4, ile programu ya kuandikia nota, kwenye laptopu ya kawaida tu, ram GB 4. Nina wimbo wa shukrani wa sauti nne, nota nimemaliza, kinanda kipo, shida iko kwenye kiitikio ambapo nataka kayamba, makofi na vigelegele visikike nikibonyeza plei. Kwa sasa nimeweka marakasi badala ya kayamba na kusema kweli siyo yenyewe kabisa, kayamba lina ule mchapo wake wa kwenda na kurudi ambao akina mama wakiusikia tu wanaanza kucheza hata sauti ya kwanza haijaingia. Vigelegele ndo sina hata cha kubadilishia. Wanakwaya wangu wengi wanajifunza kwa mp3 ninayowatumia kwenye grupu kabla ya mazoezi, sasa wakisikia marakasi wanaimba kwa mwendo wa marakasi, na kuwatoa hapo ni kazi.

Nasikia kuna kitu kinaitwa saundifonti, unarekodi sauti zako mwenyewe unaziingiza. Anayejua anielekeze tafadhali, na je nikimtumia mwalimu mwenzangu faili la nota naye atazisikia?

BesiYaPili

Milele amina mwalimu. Inawezekana na hulipi hata senti. Tafuta programu mbili za bure, Audacity ya kusafishia ulichorekodi na Polyphone ya kutengenezea saundifonti. Saundifonti ni faili la SF2, ndani yake kuna rekodi fupifupi zinaitwa sampo, kila sampo imepangiwa noti yake, MuseScore ikifika kwenye noti hiyo inaitoa.

Rekodi kila mlio peke yake. Ukiingia Audacity kata ukimya wote wa mwanzoni mpaka pale wimbi lenyewe linapoanzia, watu wanapapuuza hapa lakini ukiacha hata kipande kidogo cha sekunde kila pigo litachelewa na utaona wimbo mzima unaburuza. Toa kama WAV (faili la sauti isiyobanwa), mono yaani chaneli moja, 44100 Hz, biti 16. Kwenye Polyphone ingiza hizo WAV, tengeneza instrumenti uziunganishe humo, halafu tengeneza priseti, yaani lile jina la sauti utakalolichagua MuseScore, uunganishe na ile instrumenti. Priseti iwe benki 128, hiyo ndo ya ngoma kwenye SF2. Kila sampo ipe noti moja tu na noti yake ya msingi iwe hiyohiyo, la sivyo kayamba litapandishwa na kushushwa kama kinanda, sauti itoke ya ajabu.

Ukisevu, peleka faili la SF2 kwenye folda la Documents, MuseScore4, SoundFonts. Funga MuseScore ufungue tena, bonyeza F10 itokee mikisa (paneli ya kuchagulia na kupimia sauti), nenda chaneli ya mstari wa kayamba ubonyeze penye jina la sauti, utaikuta ya kwako hapo. Ram isikutishe, sekunde moja ya mono kwa vipimo hivyo ni kama KB 88 tu, hata ukiwa na sampo 20 za sekunde moja moja hufikishi MB 2.

Mwenzako hatazisikia, faili la nota halibebi saundifonti ndani yake. Mtumie na SF2 aweke kwake, au wanaojifunza tu watumie mp3 kama unavyofanya.

Kayamba_Kilifi

Salaam kutoka Pwani ya Kenya. Mambo ya kompyuta niachie wengine lakini kayamba nalijua, so mwalimu kabla hujafika kwa Polyphone angalia rekodi kwanza, maana ikiwa mbovu hapo hakuna programu itairekebisha.

Kayamba si mlio mmoja. Mbegu zikimwagika kwenda mbele zina mlio wake, zikirudi zina mwingine, na kuna dole gumba linalogonga kwenye mabua, hilo gumba ndilo linashika mwendo. Rekodi zote tatu mbali mbali, kila moja kwa upole na kwa nguvu. Usimwambie mchezaji atikise tu halafu ukate kipande katikati, hapana, mwombe alishike likiwa limetulia kabisa, asukume mara moja, angoje mpaka mbegu ya mwisho itulie, ndio arudishe. Zile mbegu chache zinazoteremka mwisho mwisho ndizo zinafanya sikio liamini kwamba ni kayamba la kweli, usizikate tafadhali.

Simu inatosha, iwe kama hatua moja kutoka kwa mchezaji, ndani ya chumba chenye pazia na godoro. Usirekodi kanisani hata kama panapendeza, mwangwi ukiingia kwa sampo hautoki tena. Na kama anayekurekodia yuko mbali asitume kama voisi noti ya WhatsApp, ile inabanwa sana, atume kama dokumenti.

dada_organi

Naongezea kwa Kayamba_Kilifi. SF2 haiwezi kubadilisha sampo kwa zamu yenyewe, kwa hiyo mbele na nyuma lazima ziwe noti mbili tofauti na wewe mtunzi ndo uziandike kwa kupokezana. Upole na nguvu hizo zinakaa noti moja, kwenye Polyphone sampo ya upole unaipa velositi (nguvu ya pigo) 0 mpaka 79, ya nguvu 80 mpaka 127, basi ukiandika p (upole) au f (nguvu) kwenye nota inachagua yenyewe.

Sasa nambari za noti, usiziweke popote tu kaka. Fuata jedwali la ngoma la General MIDI, ule mpangilio wa pamoja wa nambari za sauti, linaloanzia 35 mpaka 81. Kayamba la mbele liweke 70 ambayo kwa kawaida ni marakasi, la nyuma 69 ambayo ni kabasa, gumba 76 ya kibao cha mbao, makofi 39, na siku ukiongeza ngoma tumia 63 na 64 za konga. Sababu yake ni kwamba mtu asiye na saundifonti yako akifungua wimbo atapata sauti za kawaida za MuseScore, zinafanana fanana na mwendo haupotei. Vigelegele havina mwenzake mle, viweke 90 kwenda juu, asiye navyo atakosa hivyo tu.

Kwenye MuseScore ukiwa unaandika mstari wa ngoma inatokea paneli ya ngoma pale chini, humo unahariri seti, kila nambari unaipa jina, mahali pa kukaa kwenye mistari na umbo la kichwa cha nota. Mimi mbele naweka juu ya mstari, nyuma chini, vigelegele kichwa cha msalaba. Mpiga kayamba wetu hasomi nota lakini kwa mpangilio huo anafuata kwa macho tu.

FinaleMkongwe

Samahani nadandia hapohapo. Tangu MakeMusic watangaze Agosti 2024 kwamba Finale, programu yao ya nota niliyokuwa natumia, haiendelezwi tena nahamishia nyimbo zangu MuseScore kwa MusicXML, lile faili la kubadilishana nota kati ya programu. Je mistari ya ngoma nayo itakuja na sauti zake?

dada_organi

Hapana mzee wangu, MusicXML inabeba nota, maneno na alama, sauti haibebi. Saundifonti utaichagua upya kwenye mikisa. Na mistari ya ngoma ikague yote kwa jicho, nambari wakati mwingine zinahama unakuta makofi yamekuwa kitu kingine.

MtunziMoro

Wakuu Mungu awabariki, kayamba limekaa! Gumba hasa, nilikuwa sijawahi hata kulifikiria kama mlio wa peke yake na ndo lililokuwa linakosekana. Makofi safi. Limebaki moja, vigelegele vinakatika, vinaanza tu halafu kimya, kama mtu kazibwa mdomo. Na vikitokea naona vinachelewa wakati ukimya wa mwanzo nimekata.

BesiYaPili

Kukatika ni kwa sababu umeandika nota fupi, ikiisha na sampo inafungwa nayo. Rudi Polyphone, kwenye bahasha ya sauti (mipangilio ya jinsi sauti inavyopanda na kufifia) kuna muda wa kuachia baada ya noti kuisha, uwe mrefu sana kuliko kigelegele chenyewe, na kitanzi (kurudiarudia sampo) kizime, kigelegele kitaisha chenyewe.

Kuchelewa huko siyo ukimya, ndivyo kigelegele kilivyo, kinaanza chini kinapanda, ile nguvu inafika baadaye. Usikate hapo mwanzo kitaharibika. Nota yenyewe isogeze nyuma, nusu pigo au pigo zima kabla ya kiitikio kutegemea mwendo wa wimbo, usikilize mpaka kilele kiangukie kwenye pigo la kwanza. Halafu rekodi vitatu tofauti vya akina mama tofauti, viweke 90, 91 na 92, uvizungushe, kwa maana kimoja kikijirudia kilekile kila kiitikio, kufika mara ya pili tu kila mtu ameshajua ni mashine.

MtunziMoro

Sawa kabisa. Jumamosi baada ya mazoezi nawabakiza akina mama wa sauti ya kwanza nirekodi, halafu naweka hiyo SF2 hapa na nambari zake zote, anayetaka achukue.