Kuvuta Suzuki kwa Canter hadi Muheza: nichague chuma gani cha kuvutia?

Muuza Viungo (Chumbageni, Tanga):

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninanunua iliki na pilipili manga kwa wakulima wa Amani. Canter yangu hubaki Muheza, kwa kuwa wakati wa mvua barabara ya mlimani inaishinda, na Suzuki Samurai ya gia za mkono ndiyo inayoshusha magunia. Shida ni kwamba dereva ni mimi peke yangu, hivyo kila safari ninamlipa mtu wa kuniletea gari la pili. Nasikia kwamba Marekani wenye magari makubwa ya kulala safarini huvuta gari dogo nyuma, magurudumu yake yote manne yakiwa barabarani na ndani hamna mtu, kwa chuma chenye umbo la herufi A. Fundi wa kuchomelea amekubali kunitengenezea cha bomba. Je, kinatosha kwa kilomita 35 hivi za lami, au nitafute cha dukani?

Fundi wa Ngamiani:

Ndugu yangu, kama bomba hilo ni lile la maji, achana nalo. Ukuta wake ni mwembamba, na madini ya zinki yaliyopakwa juu yake huharibu mchomeleo, kwa hiyo kiungo kinaonekana kizima kwa nje huku ndani kina matundu. Chuma cha dukani huwa kimeandikwa uwezo wake, nawe uchague ambacho uwezo huo unazidi kwa mbali uzito wa Samurai, ambayo ni kama tani moja, pamoja na chochote utakachokiacha ndani yake.

Miguu miwili ya chuma hicho ifungwe kwenye ncha mbili za chasisi, wala si kwenye bampa, na kila boliti iwe na nati ya kujibana. Samurai ina chasisi ya ngazi, yaani vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vya kukingama, kwa hiyo kazi hiyo ni nyepesi kuliko kwenye gari dogo la kawaida, ambalo halina chasisi ya namna hiyo. Kwa upande wa Canter, angalia kipenyo kilichopigwa muhuri juu ya tufe la chuma, lile linaloshika ncha ya chuma cha kuvutia. Kikombe cha inchi 2 kwenye ncha hiyo kikikaa juu ya tufe la inchi 1 na 7/8, kitaonekana kimefunga vizuri, kisha kitachomoka kwenye tuta la kwanza.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kimo. Chasisi ya Canter iko juu, ya Suzuki iko chini, na chuma kikilala mteremko, kila ukishika breki gari la nyuma litataka kuingia chini ya lile la mbele. Chomelea kishikio cha kushusha tufe hadi chuma kiwe sawa na ardhi, au kipishane kwa sentimita chache tu.

Dereva wa Segera:

Nawaombeni wasomaji wengine msije mkachukua ushauri huu mkaenda nao kwenye magari ya otomatiki. Spacio yangu iliniharibikia injini karibu na Segera, nikaivuta hadi Tanga, kilomita kama 70, gia ikiwa frii, nikiamini kwamba frii ni frii. Injini ilipotengenezwa, gari halikusogea. Fundi alipofungua giaboksi, mafuta yalitoka meusi, yananuka kama chapati iliyoungua. Pampu inayosukuma mafuta hayo huzungushwa na injini, kwa hiyo injini ikizimwa huku magurudumu ya mbele yanazunguka, vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Gari kama lile lilipaswa kunyanyuliwa mbele au kupakiwa juu ya lori.

Muuza Viungo:

Nashukuru sana, na pole kwa hasara hiyo. Samurai ina gia ndogo ya pembeni, ile ya kuchagua kuendesha magurudumu mawili au manne, yenye nafasi ya frii. Je, niitumie hiyo au ile ya kawaida?

Fundi wa Ngamiani:

Tumia hiyo ndogo, ili giaboksi kubwa isizungushwe na magurudumu. Lakini vuta hendibreki kabla hujaigusa, kwa sababu gia ndogo ikiwa frii, hata ukitia gia ya kwanza gari litateremka lenyewe. Hendibreki uiachie baada ya kufunga pini na minyororo. Ufunguo uache pale ambapo usukani haujifungi, kwani magurudumu ya mbele lazima yafuate kona yenyewe.

Mzee wa Lori:

Wanangu, mmesahau breki. Samurai haitajishikia breki, kwa hiyo tani nzima itasukuma Canter, na ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama unakua takriban mara nne. Canter inaimudu, hasa mwendo usipozidi 50. Mwenye pikapu asome kitabu cha gari lake kwanza, maana nyingi, Hilux ikiwemo, haziruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750 za kitu kisicho na breki.

Pitisha minyororo miwili chini ya chuma kwa kupishana, ili chuma kikichomoka kidakwe kisichimbe lami. Taa za breki na indiketa za nyuma ziunganishwe na za Canter. Pini iwe pini yenye kibanio chake. Nimekwisha kuona msumari wa inchi sita ukifanya kazi hiyo. Usirudi nyuma hata mita mbili, kwa maana magurudumu ya Suzuki yatajikunja upande na kupinda chuma. Fungua kwanza, ndipo ugeuze.

Ukifika Pongwe, simama uguse pini zote, kisha uguse kwa mkono katikati ya kila gurudumu la Suzuki. Moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake imeng'ang'ania, na hapo usiendelee hadi Muheza.