Kikundi cha Majirani wa Bichi, Ziwa Victoria: maji yatafika wapi?

*Katibu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo):* Majirani, habari za jioni. Lile suala la banda la samaki limerudi. Wengi mnataka msingi uchimbwe pale pale maboti yanapofunga. Kabla hatujapiga kura, tuongee kuhusu mahali.

*Mama Atieno:* Karibu na maji ndiko kuzuri, Katibu. Banda likiwa mbali tunalipa wa kubeba, na omena haingoji.

*Akinyi wa Mipango:* Mama, vichanja vya omena vibaki pale pale chini. Ni mbao na wavu, vinahamishwa kwa asubuhi moja. Banda la mawe, choo, kisima na nguzo za stima haviendi popote. Ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964. Likapanda tena 2020, na 2024 likapita hata pale lilipofika 2020. Maji yatarudi. Sisi tunaamua tu yatakuta nini.

*Mzee Onyango:* Mita mbili si kitu kwa mtu aliyesimama, binti yangu. Shida ni kwamba huku ardhi ni tambarare.

*Fundi Wafula:* Hapo ndipo kwenye hesabu, Mzee. Ukitembea mita 100 kutoka majini na ardhi ikawa imeinuka mita 1 tu, basi ziwa likipanda mita 2 linaingia ndani mita 200. Penye mwamba, maji hayo hayo hayafiki hata mita 10. Kwa hiyo tusikubaliane "banda liwe hatua 50 kutoka majini". Hatua zinadanganya. Tupime kwenda juu.

*Mama Atieno:* Kupima kwenda juu ni kumleta mpima ardhi na bei yake.

*Fundi Wafula:* Kwa kazi hii ya mwanzo hapana. Mpira wa maji mwangavu wa mita 20 na vigingi vinatosha. Ujazeni polepole kwa kunyonya maji kutoka kwenye ndoo, maana povu moja likikwama ndani linakupa kipimo cha uongo na hutajua. Shikeni ncha mbili pamoja kwanza: maji yasipolingana, kuna hewa. Kisha kigingi hadi kigingi kutoka ukingo wa ziwa kwenda juu, mkiandika kila tofauti. Mkifika, rudini mkipima hadi mlipoanzia. Vipimo vikitofautiana zaidi ya sentimita 3, rudieni yote.

*Akinyi wa Mipango:* Msitumie simu kwa urefu. GPS ya simu inakosea mita kadhaa kwenda juu au chini, na sisi tunatafuta sentimita.

*Fundi Wafula:* Na iwe alfajiri. Mchana upepo wa ziwani unasukuma maji ufuoni, ukingo unapanda na kushuka na mawimbi. Jua nalo likipiga upande mmoja wa mpira, maji ya hapo yanapanuka na vipimo vinapotoka.

*Mzee Onyango:* Alama ya 2024 bado iko kwenye ukuta wa duka lile la kona. Rangi ilibadilika mpaka pale.

*Akinyi wa Mipango:* Hiyo ni hazina, Mzee. Tafuteni alama tatu au nne kama hiyo, kwenye kuta tofauti. Zikikubaliana, ndio mstari wetu. Juu ya mstari ongezeni mita 1 kwa mawimbi na kwa mwaka utakaozidi 2024. Msingi wa kudumu usianze chini ya hapo.

*Nyaguok:* Na vyoo? Kila ziwa likija, shimo linajaa na yote yaliyomo yanaelea hadi tunapochota maji.

*Akinyi wa Mipango:* Shimo linataka mita 1.5 ya udongo mkavu kati ya kitako chake na maji ya ardhini, msimu wa maji mengi. Hapa chini hatupati hiyo. Choo kijengwe juu ya ardhi, vyumba viwili vya zege, majivu kila baada ya kutumia, mkojo upelekwe pembeni. Kimoja kikijaa kinafungwa mwaka mzima. Kisima kikae upande wa juu, angalau mita 30.

*Halima:* Naomba niongeze la baharini. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji waliingiza mikoko yao kwenye mpango wa miaka 20 kuanzia 2013, mradi wa Mikoko Pamoja. Hekta 117 zinalindwa, hati za kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo zinauzwa, pesa zinaleta maji na kusaidia shule. Miti imesimama kwa sababu mpango ulishapita muhula wa kiongozi yeyote. Ninyi mna mafunjo.

*Mzee Onyango:* Mafunjo, togo kwa Kiluo. Ndiyo inayovunja mawimbi, na samaki wadogo wanajificha humo. Watu wanaing'oa na mizizi halafu wanashangaa kwa nini ufuo unakatika.

*Nyaguok:* Wasuka mikeka watakula nini, Mzee?

*Mzee Onyango:* Wakate, mwanangu. Theluthi moja kwa zamu, sehemu nyingine zipumzike karibu mwaka, na shina la chini lisiguswe. Lakini mchanga wa ufuoni usichimbwe kabisa. Kila lori linaloondoka linashusha ukingo, na ziwa linaingia bila hata kupanda.

*Katibu wa BMU:* Tukishapata mstari, tunaupeleka wapi? Chifu ataupokea, ila hana bajeti.

*Akinyi wa Mipango:* Kwa kaunti, Katibu, na kwa wakati. CIDP, yaani mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, ya sasa ni ya 2023 hadi 2027, inayofuata inaanza 2028. Mradi usioingia humo hauna mahali pa kudai pesa. Mpango wa kila mwaka nao lazima ufikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Maoni tuyapeleke miezi kadhaa kabla, si wiki ile. Kurasa mbili zinatosha: mchoro wenye mstari, vipimo, na makadirio ya banda na choo.

*Fundi Wafula:* Na njia. Njia ya mita 6 kutoka ufuoni hadi penye banda la juu, lori la barafu lipite. Tukubaliane na wenye mashamba sasa, kwa maandishi, wakati hakuna anayekimbia maji.

*Mama Atieno:* Basi mkokoteni mmoja wa kikundi utafanya kazi ya wabebaji. Sina neno tena kuhusu banda la juu, mradi vichanja vibaki.

*Katibu wa BMU:* Vichanja vinabaki, Mama. Jumamosi, kumi na mbili alfajiri, tukutane kwenye ukuta wa duka. Fundi, mpira?

*Fundi Wafula:* Ninao. Nileteeni vigingi 20 na mtu mwenye mwandiko unaosomeka.