Tumepata ubao wa vishale hapa Langoni, Lamu, tuanzie wapi?

Mwana_Langoni:
Assalaam aleikum waungwana. Kikundi chetu cha vijana kimepewa ubao wa vishale, ule wa mkonge, na seti mbili za vishale vya shaba ya njano vya gramu 24. Hakuna kamari, ni mchezo tu baada ya magharibi. Shida zetu ni hizi. Wengine wanasema mstari wa kusimamia uwekwe mita 2.37, wengine 2.44, kila mmoja anaapa. Vishale vingine vinagonga na kuanguka, vingine vinaingia vimelala upande. Na kwenye 501, ule mchezo wa kupunguza alama kutoka 501 hadi sifuri, mtu anashuka vizuri halafu anakwama mwisho, anabaki na 1 na hajui afanye nini. Mwenye ujuzi atufafanulie tangu mwanzo. Chumba chetu kiko katika nyumba ya zamani ya mawe.

Timazi:
Waaleikum salaam. Nianze na vipimo, maana ukiweka vibaya mkono utazoea uongo, na kuurudisha ni kazi.

Vipimo vyote viwili ni vya kweli, ila si vya ubao mmoja. Mita 2.44 ni ya ubao wa elektroniki, ule wa vishale vyenye ncha za plastiki. Wenu wa mkonge ni mita 2.37. Katikati ya ubao, kitovu, iwe mita 1.73 kutoka sakafuni. (Wachezaji wengi hukiita buli, lakini kwetu pwani ukisema buli utaletewa chai.)

Kosa kubwa ni kupima kutoka ukutani. Ubao una unene wa karibu sentimita 4, na nyuma yake kuna chuma cha kutundikia. Mkipima kutoka ukutani mtakuwa mmesogea karibu kuliko inavyotakiwa. Teremsheni timazi ikigusa uso wa ubao, tieni alama sakafuni inapoangukia, kisha hesabuni 2.37 kutoka alama hiyo. Mkimaliza, vuteni kamba kutoka kitovuni moja kwa moja hadi mstarini: ikija mita 2.93 mko sawa. Isipokuja, na vile vipimo viwili mna hakika navyo, basi sakafu imeinama. Nyumba za zamani hilo ni la kawaida. Hapo kipimeni upya kimo cha kitovu, mkianzia usawa wa pale mchezaji anaposimama, si sakafu iliyo chini ya ubao.

Sasa chumba. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Kwa hiyo msirushe kukata upana, hamtapata nafasi ya kusimama. Rusheni kufuata urefu wa chumba. Mnahitaji mita 3.6 hivi zilizo wazi, na mlango usiwe upande wa ubao.

Ukuta wenyewe ni matumbawe na chokaa. Msumari utaubomoa, na ubao karibu kilo tano hautakaa. Kama ukuta ni wa kale, wenye lipu ya asili au zidaka, msiuguse kabisa. Mji huu uko katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na lipu ile haina fundi wengi waliobaki. Tengenezeni fremu: boriti mbili zisimame, juu yake plaiwudi ya sentimita 90 kwa 90, ubao utundikwe hapo. Fremu isitikisike. Ubao ukitetemeka, ncha haishiki. Kama ukuta ni wa saruji mpya, toboeni kwa keekee, tieni plagi, kisha skrubu.

Kuzunguka ubao wekeni godoro kuukuu la sponji lililokatwa duara, na sakafuni zulia au mpira. Jamvi peke yake ni jembamba, ncha itapita ivunjike kwenye saruji. Taa iwe juu, mbele ya ubao, si nyuma ya anayerusha. Ikiwa nyuma, kichwa chake kitatia kivuli palepale anapolenga. Namba 20 ikae juu kabisa.

Dabo_ya_16:
Kaka, Timazi amemaliza ya ukutani. Mimi nipo Malindi, nitazungumzia mkono.

Kishale kina sehemu nne: ncha ya chuma, tumbo (pale panaposhikwa), kijiti cha nailoni au aluminiamu, na mabawa. Gramu 24 ni uzito mzuri kwa anayeanza. Chini ya 20 kinataka mkono uliokwisha kutulia. Kizito sana kinachosha bega mapema.

Lalisha kishale juu ya kidole kimoja mpaka kitulie bila kuinama upande wowote. Hapo ndipo pa kushika, au nyuma yake kidogo. Dole gumba upande mmoja, cha shahada na cha kati upande wa pili. Kishike kama unavyoshika kipande cha haluwa: kisidondoke, lakini kisibondeke. Ukikibana, vidole haviachii kwa pamoja, na hapo ndipo kishale kinapoondoka kikiyumba.

Simama na mguu wa mkono unaorushia mbele, kidole cha mguu nyuma ya mstari, mwili umegeuka upande. Uzito mwingi uwe mguu wa mbele. Bega limetulia, kiwiko kimeinuliwa mbele, na kiwiko hicho ni bawaba ya mlango: mlango unazunguka, bawaba haihami. Mkono unarudi karibu na shavu, unaenda mbele, na ukishaachia usiuvunje. Uache unyooke mpaka vidole vielekee shabaha. Kishale hakiendi kimenyooka kama risasi, kinapanda kidogo halafu kinashuka, kwa hiyo ncha iwe imeinuka kidogo wakati wa kuachia.

Makosa yana alama zake, yasomeni ubaoni:

Vyote vinaangukia chini ya shabaha? Unachelewa kuachia, au kiwiko kinashuka. Vyote juu? Unaachia mapema. Vinakwenda kushoto na kulia? Tazameni miguu na kichwa kwanza, mtu anayumba. Kama mwili umetulia, kuna kidole kimoja kinachosukuma mwisho. Mkia unatikisika hewani? Ama kidole kinagusa bawa, ama bawa limechanika, ama kijiti kimelegea. Hilo la kijiti ndilo linalosahauliwa zaidi. Kazeni kila zamu, kabla ya kurusha, iwe desturi kama kufunga kikoi.

Kulala upande ubaoni ni jamaa wa hilo la mkia. Jaribuni mabawa mapana kwanza, yanashika hewa na kunyoosha kishale. Mabawa membamba ni ya mtu anayerusha kwa kasi. Na msichezee darini kaskazi ikivuma, mtalaumu mkono bure.

Mazoezi: msikimbilie alama. Rusheni vishale vitatu mahali pamoja, hata kama si pale mlipolenga. Fungu la vishale vitatu vilivyokaribiana likiwa kwenye 5 ni bora kuliko kimoja ndani ya 20 na viwili vilivyotawanyika, kwa sababu fungu unaweza kulisogeza. Msibadilishe shabaha katikati ya zamu.

Bahari_Shwari:
Naongeza moja: ubao ukikauka na matundu kubaki wazi, ulowesheni maji usiku, asubuhi yatakuwa yamejifunga. Wazee walifanya hivyo.

Timazi:
Bwana Bahari, naomba nikusahihishe kwa heshima. Hao wazee walikuwa sahihi kwa ubao wao: ulikuwa wa mti, na mti ukinywa maji hufura na kuziba matundu. Huu ni wa mkonge, na mbao za mkonge zilianza kushika nafasi miaka ya 1930. Mkonge ni huo huo mnaouona mkipita mashamba ya Vipingo. Nyuzi zake hukatwa fupi, hushindiliwa na kubanwa kwa ukanda wa chuma, kwa hiyo mkitazama uso wa ubao mnatazama ncha za nyuzi zilizosimama. Kishale hakitoboi kitu, kinapenya katikati ya nyuzi. Ukikichomoa, zinarudiana. Maji yakiingia, nyuzi zinafura, ubao unatoa tumbo, waya zinaachana, na hautarudi tena. Hata unyevu wa pwani unatosha kuudhuru. Usiachwe uani wala karibu na dirisha la baharini. Waya zitashika kutu.

Mbali na maji, kinachoua ubao ni mambo mawili. La kwanza, ncha yenye kibanzi. Pitisha ukucha kwenye ncha kuelekea mwisho: ukikwama, kuna kibanzi, na kila unapochomoa unang'oa nyuzi. Zungusha ncha juu ya jiwe la kunolea mpaka iwe laini. Isiwe kali kama sindano, kwani ncha ya namna hiyo ikigonga waya inajikunja na kuzaa kibanzi kipya. Wakati wa kuchomoa, zungusha kidogo huku ukivuta, usinyonge. Chumvi ya hewa ya hapa huzipa ncha kutu upesi. Zifuteni kwa kitambaa kikavu mkimaliza.

La pili ni kuacha 20 ileile ipigwe miezi yote. Vueni pete ya namba, zungusheni ubao, rudisheni pete ili 20 ikae juu tena. Zungusheni vipande viwili, si kimoja, ili 20 ibaki kwenye rangi nyeusi.

Na vinavyoanguka baada ya kugonga: kama mlio ni wa chuma, kimegonga waya, hiyo ni bahati mbaya. Kama hakuna mlio, ncha ni butu. Kwa vyovyote, kilichoanguka ni sifuri, hakirushwi tena.

Dabo_ya_16:
Sasa hesabu, maana Mwana Langoni ameuliza ile 1.

Kila mtu anaanza na 501 na kupunguza. Zamu ni vishale vitatu. Pete nyembamba ya nje ni dabo, namba inazidishwa kwa mbili. Ile ya ndani ni trebo, kwa tatu. Kila moja ina upana wa milimita 8 tu. Duara la kijani katikati ni 25, na kiini chake chekundu ni 50. Alama ni ya pale ncha ilipoingia, msidanganywe na tumbo la kishale lililoegemea kipande cha jirani. Mfano: kishale cha kwanza 20, cha pili 1, cha tatu trebo ya 5. Hiyo ni 20 na 1 na 15, jumla 36. 501 toa 36, zimebaki 465.

Kufunga ni lazima kwa dabo, na kile kiini cha 50 kinahesabiwa dabo pia. Ndiyo sababu 1 haifungiki: dabo ndogo kabisa ni ya 1, yaani 2. Ukibaki na 1, ukipita chini ya sifuri, au ukifika sifuri bila dabo, zamu yote imeharibika. Unarudi kwenye alama ulizokuwa nazo kabla ya kishale cha kwanza cha zamu hiyo, na mwenzako anarusha. Kwa hiyo hamkwami kwenye 1. Hamkuwahi kufika huko.

Dawa ni kupanga kabla hujarusha. Pendeni kubaki na 32. Dabo ya 16 inafunga. Ukikosa ukaingia ndani, kwenye 16 ya kawaida, zimebaki 16, yaani dabo ya 8. Ukikosa tena kwa namna hiyo zimebaki 8, kisha 4, kisha 2. Zote ni dabo. Linganisha na 40: dabo ya 20 ukiikosa kwa ndani zinabaki 20, halafu 10, halafu 5, na 5 haigawanyiki kwa mbili. Itabidi utumie kishale kimoja kupata 1 ili ubaki na 4.

Ukiwa na witiri (namba isiyogawanyika kwa mbili), kishale cha kwanza ni cha kuiondoa. 45: piga 13, zinabaki 32. 57: piga 17, zinabaki 40. 52 ni shufwa: piga 20, zinabaki 32. Kubwa kabisa inayofungika kwa zamu moja ni 170: trebo ya 20 mara mbili, kisha kiini.

Mwana_Langoni:
Ahsanteni sana, tumeshapima upya, kumbe tulikuwa karibu kwa sentimita sita. Swali la mwisho: alama zikiwa bado nyingi, tukishushia 501, wote tunalenga 20. Ni sawa?

Dabo_ya_16:
Kwa mkono ambao haujatulia, si sawa. Tazama majirani. 20 imekaa kati ya 5 na 1. Kimoja kikiingia na viwili vikipotea kila upande, umepata 26. Kwa mtawanyiko huohuo 19 ina 3 na 7, inakupa 29. 16 ina 7 na 8, ni 31. 14 ina 9 na 11, ni 34. Namba zilipangwa hivyo, kubwa kati ya ndogo, ili kumuadhibu anayekosa, lakini upande wa kushoto adhabu ni nyepesi. Wanaoanza walenge 14 au 16 mpaka fungu lao lienee ndani ya kipande kimoja, ndipo wahamie 20. Wakilenga 16 wanapata na faida nyingine: jicho linaizoea njia ya dabo yake.

Timazi:
Na watoto wakija kutazama wakae nyuma ya anayerusha, si pembeni mwa ubao. Kishale kinachogonga waya hurudi mbali kuliko mnavyodhani.